Kuhama kwa Kiingereza

Lodwar, nyuma ya nyumba, saa nne asubuhi

Arot mwanangu,

Umeondoka alfajiri na gari la samaki kwenda Kalokol kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko sokoni anakutafutia sweta, kitu ambacho hapa Lodwar, kwa joto hili, hutafutwa kama dawa adimu. Nyumba nimeachiwa peke yangu. Kesho unakwenda Nairobi. Alhamisi utakaa mbele ya afisa wa ubalozi, na akizikubali karatasi zako utapanda ndege moja kwa moja kwenda Uingereza kusomea uuguzi, bila kupita tena hapa. Asipozikubali, utarudi na basi lilelile. Kwa hiyo kesho sijui ninakuaga kwa miaka mitatu, kwa siku sita, au kabisa, na sijui nivae uso gani kituoni.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kuficha pasipoti, mama yako ameshayasema mara nne na kesho atayasema ya tano. Mimi nataka kukuandikia habari ya neno moja.

Naandika kwa Kiswahili. Kiturukana chetu tunakisema lakini hatukuzoea kukiandika, wewe na mimi. Na Kiingereza ndicho ninachotaka kukisengenya kidogo, sasa siwezi kukisengenya kwa mdomo wake mwenyewe.

Nimekaa upande wa magharibi wa nyumba, kwenye kivuli. Upepo unataka karatasi, nimeibana kwa jiwe, na kila nikimaliza mistari mitatu nasimama kuangalia kama kuna gari. Hakuna. Nakaa tena.

Jumapili tulifanya mazoezi, unakumbuka. Nilivaa koti langu la kazini, nikakaa nyuma ya meza, nikakuita uingie. Mama yako alikuwa anachambua maharage pembeni, akasema, "Huyo afisa mbona amevaa malapa?" Nikamwambia ubalozini hawaangalii chini ya meza.

Nikakuuliza kwa Kiingereza changu cha ofisini: do you intend to settle in our country?

Ukanyoosha mgongo ukajibu, "Yes sir, I will settle very well."

"Umefeli," nikasema.

"Nimefeli wapi, apa? Baba, si nimejibu vizuri!"

"Umefeli. Safari imekwisha. Nenda kafungue sanduku, utoe sweta."

"Sweta yenyewe haijanunuliwa," mama yako akasema.

Nilijua kosa limetoka wapi. Shuleni kwenu mwalimu akiingia akakuta makelele husema settle down, na anayetii ndiye mtoto mzuri. Ukaona settle ni adabu. Kumbe kwa afisa ni kuhamia moja kwa moja, na anayejibu ndiyo anarudishwa alikotoka. Halafu ukishafika huko, jirani yako atachungulia juu ya ua akuulize, are you settling in, yaani umeanza kuzoea? Huyo naye ukimwambia hapana atahuzunika, pengine akuletee keki. Neno ni hilohilo. Mmoja anataka usikie haya kulisema, mwingine anataka uliseme ukitabasamu. Ningekuwa mzungu ningewatungia maneno mawili, lakini hawajawahi kuniuliza.

Mkacheka, wewe na mama yako. Kisha nikakuuliza swali la pili: utarudi? Nilidhani nimeliuliza kwa Kiingereza, kama afisa. Nadhani lilitoka kwa Kiturukana.  Ukachukua ndoo ukasema unakwenda kuchota maji.

Pipa lilikuwa limejaa, Arot. Nililijaza mwenyewe asubuhi.

Tangu Jumapili sijakaa sawasawa.

Sasa ngoja nikueleze nilivyokutana na hili neno, maana hukuwahi kuniuliza na mimi huwa napenda kuulizwa.

Unajua nilijifunza Kiingereza kwa kamusi ya misheni iliyokosa jalada, iliyoanzia katikati ya herufi B. Ndiyo maana mpaka leo maneno ya A yananishinda. Arrive, abroad, away, yote hayo niliyaokota njiani. Lakini M ilikuwa kamili, na move nililisoma siku ya kwanza: kuhama. Nikafurahi. Nikajiambia, hawa watu tutaelewana, kuhama ni kazi yetu.

Kambi ilipofunguliwa Kakuma, miaka mitano sasa, nikapata kazi ya ukalimani. Walinichukua kwa sababu ya Watoposa waliovuka mpaka kutoka Sudan, ambao lugha yao na yetu ni kama ndugu wawili waliogombana kidogo tu. Aliyekuwa anawahoji watu ni mama mmoja wa kizungu, tulimwita Kalamu Mbili, kwa sababu moja aliishika mkononi na nyingine aliichomeka kwenye nywele akaisahau, kisha akaitafuta ofisi nzima.

Siku moja mzee mmoja alisimulia habari zake mpaka mwisho. Kalamu Mbili akavua miwani, akafuta macho, akaniambia polepole: I am very moved.

Nikatoka mbio mpaka kwa mtu wa stoo, Mluhya mmoja wa Kitale, mtu wa sherehe. Nikamwambia, "Kalamu Mbili amehamishwa."

"Wacha! Lini?"

"Leo. Na amehamishwa sana."

"Amehamishwa sana aende wapi?"

"Hakusema. Lakini analia."

Ijumaa wakachinja mbuzi. Soda zikapangwa. Mtu wa stoo akasimama akatoa hotuba ndefu, kwamba ingawa wakubwa wamekuhamisha, mama, sisi hatutakusahau. Kalamu Mbili alipiga makofi pamoja na wengine, kisha akaniinamia akaniuliza, ni nani anayeondoka? Nikamwambia, wewe. Akaniuliza, ninakwenda wapi? Na kazi yangu ni ukalimani, kwa hiyo nikawageukia watu nikawaambia, "Anauliza anakwenda wapi."

Mzee mmoja mlinzi akasema, "Sasa kama mwenyewe hajui, sisi mbuzi tumemla kwa nini?"

Basi ndivyo nilivyojua kwamba kwa Kiingereza mtu anaweza kuhama akiwa amekaa kwenye kiti. Moyo wake ndio unaohama. Sikulicheka sana hilo, baadaye. Wewe tangu Jumapili umekaa nasi, umekula nasi, lakini ukiongea mtu anaona kabisa kwamba umeshahama.

Tangu hapo nikaanza kuwasikiliza. Mgeni akifika mezani kwao wanamuuliza, umeshapata miguu yako? Wananiuliza mimi! Mimi niliyetembea kutoka Lowarengak mpaka hapa kwa siku nane. Nikaitazama miguu, ipo yote miwili, na kucha moja haipo. Wanasema mtu akihamia mahali aweke mizizi. Hapa kwetu mmea ulioweka mizizi vizuri kuliko yote ni mathenge, ule mti wa miiba wa kuletwa, na kila mwenye panga anautafuta. Na wakisema habari za nyumbani wanasema back home, nyuma kule, kana kwamba nyumbani ni mahali ambapo mtu hutazama kwa kugeuza shingo. Nilimuuliza Kalamu Mbili, nyumbani kwako ni wapi? Akafikiri. Akasema wazazi wake waliiuza ile nyumba alipokuwa msichana, na yeye amekaa nchi nne tangu hapo. Lakini aliendelea kusema back home. Nyumba ya watu wengine, imepakwa rangi nyingine, na yeye shingo inamuuma kwa kuitazama. Nilimhurumia, nikamtengenezea chai.

Na risetomenti, neno ambalo kambini hata mtoto asiyejua kusema maji analijua. Kutua tena. Mara ya pili. Kuna watu Kakuma wamepewa fomu ya kutua mara ya pili na hawajatua mara ya kwanza.

Kivuli kimeniishia. Nahamisha kiti.

Saa nane. Sasa niko upande wa mashariki. Nimekwenda kituoni mara mbili kuuliza kama basi la kesho lipo, wakaniambia lipo, nikaenda tena wakaniambia, "Mzee, basi haijatoroka tangu saa ile." Niliyoandika juu ni ya kuchekesha kwa sababu nilikuwa nakwepa haya ya chini.

Unamjua Mama Lokwar, Mtoposa anayeuza chai karibu na kisima cha pampu kule kambini. Kila ukija Kakuma anakupa chai. Mimi ananipa pia, lakini ya kwangu haina sukari, na uliwahi kuniuliza kwa nini nikakwambia ni habari ya meno.

Si meno.

Mama Lokwar aliletwa kwenye mahojiano mwaka wa pili wa kambi. Ilikuwa ajibu vizuri ili yeye na watoto wapelekwe nchi nyingine, mahali pa usalama. Aliingia amejipaka mafuta, shanga zote shingoni, akakaa kama mtu aliyekuja kuposewa binti. Kalamu Mbili akauliza: kwa nini aliondoka kwao?

Mama Lokwar akasema, "Tulihama."

Nikasema kwa Kiingereza: they moved.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Kwanza ng'ambo ya mto, kisha karibu na barabara, kisha huku."

Nikasema: three times.

Kalamu Mbili akaandika. Akauliza kama walikuwa wanatafuta malisho. Nikamuuliza Mama Lokwar. Akacheka kwa puani, "Na kuna siku gani mtu hatafuti malisho?"

Nikasema: yes.

Arot, mimi nilikuwa najua. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kwenye chai, huyu mama alikuwa ameniambia. Mara ya kwanza walihama nyumba ikiwa bado inaungua na mume wake akiwa amelala mlangoni mwa zizi, hakuamka. Mara ya pili ni mwanawe mkubwa. Mara ya tatu walikuwa hawana hata mnyama mmoja. Hebu fikiria, mtu anatafuta malisho bila mbuzi. Na mimi niliyetafsiri najua hesabu hiyo, nikasema yes.

Unajua mwenyewe neno letu la kuhama linavyobeba kila kitu. Majani yakiisha tunahama. Maadui wakija tunahama. Mtu akifia nyumbani tunahama. Hakuna mtu mzima kwetu anayekaa mbele ya mgeni akasema nilikimbia. Anayekimbia ni paa. Yule mama alikuwa anatunza heshima yake, akitegemea kwamba mtu wa lugha yake aliyeketi pale ataipeleka heshima upande wa pili pamoja na maana. Lakini move ya Kiingereza ni neno jepesi. Ndilo wanalolitumia kwa kiti. Nilichukua mzigo wake wote nikautia kwenye kikapu kilichotoboka, nikausikia ukimwagika, nikanyamaza.

Nimejipa sababu nyingi. Kwamba mkalimani haruhusiwi kuongeza. Ni kweli, haruhusiwi. Lakini kuna sababu nyingine ninayokuandikia wewe tu: nilipenda jinsi sentensi zangu zilivyokuwa fupi siku ile. They moved. Three times. Yes. Kalamu Mbili aliniambia mwishoni, safi sana, leo umekuwa wazi kabisa. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jibu lilikuja. Lilisema mama huyu inaonekana alihama kwa hiari yake.

Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia ni mambo ya wakubwa huko mbali. Kwa karibu mwaka mzima nilizunguka njia ya nyuma ya shule ili nisipite kwenye chai yake, na njia ile ina miiba, na miiba ile niliihesabia kama adhabu, na nikaona kama inatosha. Haikutosha. Siku moja nikaenda nikakaa kwenye benchi lake nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Baba Arot, ulisema nini kwa mdomo wangu?"

"Nilisema ulichosema."

"Na ulichokijua?"

"Sikuulizwa."

"Mimi pia sikuulizwa. Niliulizwa malisho."

 Akachukua kikombe, akanimiminia chai, akanipa. Nikaonja.

"Mama Lokwar, sukari."

"Sukari imehama," akasema. "Mara tatu."

Tulikwenda ofisini pamoja, akasimulia upya kila kitu, kwa maneno yake mazito, na mimi nikaandika kila neno na kutia sahihi chini kwamba kosa ni la mkalimani. Faili likafunguliwa tena. Bado linasubiri. Mwanawe Lokwar ameota ndevu likisubiri. Na kila nikipita pale kisimani, mbele za watu, mama yule huniita kwa sauti, "Mhamishaji! Leo unamhamisha nani?"

Wiki iliyopita aliponiita hivyo nilisimama nikamwambia, "Binti yangu." Hakucheka. Akaniuliza kama una kiatu cha kufunika.

Sasa wewe Alhamisi huna mkalimani. Hilo ni jambo jema na ni jambo baya. Hakuna atakayekuharibia, na hakuna wa kumsingizia. Ukiona neno la Kiingereza limekuja haraka mdomoni, jepesi, likiteleza, ngoja kidogo. Mimi yaliyoniponza yote yalikuja haraka.

Na sasa nifike kwenye mbuzi.

Jana binamu yako Ebei alikuja kutoka Kerio. Alinisalimu, ejok, ejok, akanywa maji, akasema, "Baba mkubwa, yule mbuzi mweusi wa Arot anakohoa. Nimpe dawa gani?"

Nikamuuliza, "Mbuzi wa Arot anakohoa kwako akifanya nini?"

"Si alinipa? Wote watano. Alisema ni wangu na uzao wao. Hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Nilikuwa nakupima."

Mtu anayekwenda akarudi huacha mbuzi wake kwa ndugu wamchungie. Hagawi uzao. Wewe ni binti wa mfugaji wa zamani na mkalimani wa sasa. Huwezi kutumia neno uzao kwa bahati mbaya. Basi nikajumlisha ile ndoo na wale mbuzi, na tangu jana ninatembea kuzunguka nyumba hii kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mchana kutwa nimekuwa nikitaka kukuandikia la kumwambia afisa, na mara tatu nimeandika nikachana. Karatasi ya kwanza ilikufundisha kusema kwa nguvu kwamba utarudi. Nikaona ninamfundisha binti yangu kumuahidi mgeni kwa Kiingereza jambo ambalo hakuweza kuniahidi mimi kwa lugha ya mama yake. Nikachana. Ya pili ilikwambia useme ukweli wote, ndoo na mbuzi na yote. Nikaona nimekufungia safari kwa mkono wangu, na nilikuwa nimefurahi kidogo nilipokuwa naiandika, na furaha ile sikuipenda. Nikachana. Ya tatu ilikuwa ya hasira, hiyo hata upepo ulinisaidia.

Ninachoona sasa ni hiki. Afisa haulizi swali langu. Anauliza la karatasi: muda uliopewa ukiisha, utaondoka au utajificha? Hilo unaweza kumjibu, maana wewe si mtu wa kujificha. Ulipovunja kioo cha misheni ulikuja mwenyewe ukiwa umeshika jiwe. Kama umeshaamua moyoni kuvunja karatasi, usiende ubalozini, baki tule samaki. Lakini sidhani umeamua. Mtu aliyeamua hachoti maji pipa likiwa limejaa. Nadhani hujui, na unaogopa kwamba kutojua ni uongo. Si uongo. Mwambie nitasoma miaka mitatu, nitafuata karatasi yenu ilivyosema, mwishoni nikitaka kukaa nitaomba mchana kweupe, na mkikataa nitaondoka. Liseme tu kama ndivyo ulivyo. Kama sivyo, tafuta lililo lako.

Swali langu ndilo lililobaki, lile la Jumapili, na ndilo lililonitoa jasho.

Babu yako hukumwona. Walikuwa wamepiga kambi bara ya Lowarengak, yeye na ndugu zake, mwaka ule niliotoka kwenda kutafuta kazi Lodwar. Nilikuwa kijana, nina haraka. Nilipofika langoni baba akaniuliza, utarudi? Nikasema nitarudi, miezi miwili. Sikuwa nimefikiri. Lilikuwa neno la kunitoa langoni, kama mtu anavyosukuma tawi la miiba apite.

Nikafika hapa nikapata kazi misheni, nikapata ile kamusi, nikapata marafiki. Nilirudi baada ya mwaka na nusu.

Nikamkuta palepale. Ndugu zake wote walikuwa wamekwenda milimani zamani, zizi lao limekuwa vumbi, na yeye amekaa peke yake na mama yangu na mbuzi kumi na mmoja, mbavu nje. Niliwaacha na mbuzi wasiohesabika. Hakunigombeza. Aliniambia, "Umefika. Maji unajua yalipo." Nikadhani wamekaa kwa sababu wamezeeka.

Baba yangu mdogo ndiye aliyeniambia baadaye, baba akiwa ameshakufa. Walimsihi. Majani yaliisha, mbuzi wanaanguka, wakamwambia, mzee, twende. Akawaambia, "Kijana amesema miezi miwili. Tukihama atakuja akute majivu." Walipomwambia mara ya tatu akawakasirikia. Mtu aliyehama maisha yake yote, Arot. Mtu ambaye mvua ilikuwa ikimfuata yeye. Nilimsimamisha kwa neno moja, na mimi nilikuwa hapa Lodwar nikijifunza maneno mengine.

Kwa hiyo usinijibu. Ndiyo sababu ya karatasi zote hizi. Kesho asubuhi kituoni nitakuwa naongea habari za magurudumu na za barabara ya kule Kainuk, nitakuwa namsumbua dereva, na wewe ukiniona hivyo pengine moyo utakulainika useme, apa, nitarudi. Usiseme. Ukilisema nitalishika. Najijua. Nitaikalia nyumba hii ya mabati nikiipiga rangi kila mwaka, mama yako atataka kwenda Kerio kwa mbuzi nitamwambia ngoja kwanza, kazi ya Kakuma itaisha na nitakataa kazi ya mahali pengine, nitakuwa nalinda mlango ili uukute ulipouacha. Nitakuwa mzungu mwenye shingo inayouma. Babu yako nilimfanyia hivyo bila kujua. Wewe sasa unajua, na mimi nakuomba uniache mwepesi.

Mbuzi wako waache kwa Ebei na uzao wao. Nimempa dawa ya kikohozi.

Nasikia gari la samaki, harufu imetangulia. Naikunja barua hii naitia ndani ya sweta, kama mama yako ameipata.

Wakikuuliza huko kwenu ni wapi, na watauliza, kila mtu atauliza, usiwatajie nyumba hii. Waambie, ngoja niwaandikie wazazi barua niwaulize walipo. Wale watu huwa wanahama.

Apa yako